Kubadilisha gadi za bampa ya nyuma kwenye Datsun 240Z: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Datsun 240Z ni gari lenye jina kubwa Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa ndani yake, na Shekhar Mehta akafika wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kumaliza akiwa na pointi za adhabu sawa kabisa na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka mlio wa ile injini ya silinda sita ikipita kwenye vumbi.

Magari yaliyobaki leo yamepita mikononi mwa watu wengi, na sehemu inayoonyesha umri haraka kuliko zote ni nyuma. Kromu imepauka, mpira umepasuka, na gadi moja mara nyingi imeinama kwa sababu kuna mtu aliwahi kurudi nyuma hadi ukutani. Yafuatayo ni maswali yanayoletwa na wenye magari haya na mafundi wao. Mengi ya majibu yatakusaidia hata kama gari lako ni MGB, Triumph au Alfa ya miaka hiyo, ila vipimo vya bolti vitatofautiana.

Gadi za bampa ni zipi hasa?

Ni zile pembe mbili fupi zinazosimama wima juu ya bampa, moja kulia na nyingine kushoto. Kazi yake ya asili ni kuzuia bampa ya gari jingine isipande juu ya yako au kupenya chini yake mnapogusana kwenye maegesho. Ukiitazama kutoka mbele inaonekana kama kipande kizima cha chuma, lakini ni ganda la bati lililokandamizwa, wazi kwa nyuma, linaloshikwa na bolti zinazopita kwenye bampa. Uwazi huo wa nyuma ndio chanzo cha karibu matatizo yote yaliyo kwenye ukurasa huu.

Gadi zote za 240Z zinaingiliana?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoteza fedha nyingi. Magari ya 1970 hadi 1972 yana bampa nyembamba zilizolala karibu na bodi, na gadi zake ni ndogo. Ya 1973 yaliyouzwa Marekani yana bampa zilizosogezwa nje zaidi, zenye gadi kubwa na mpira mnene.

Sababu ni sheria za Marekani, soko kubwa kuliko yote la gari hili. Kuanzia modeli za 1973, kiwango cha usalama namba 215 cha nchi hiyo kilitaka bampa ya mbele ivumilie kugongwa kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8, na ya nyuma maili 2.5, bila taa na vifaa vingine vya usalama kuharibika. Mwaka uliofuata na ya nyuma ikapandishwa hadi maili 5. Ndiyo maana 260Z za mwishomwisho na 280Z zilizofuata zina bampa nzito zisizofanana kabisa na za mwanzo.

Kwa hiyo usinunue kwa maneno "gadi za Datsun Z". Muulize muuzaji gadi zilitoka kwenye gari la mwaka gani, mwombe picha ya upande wa nyuma, na mwambie aweke rula kati ya matundu ya bolti. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya nyuma ana sababu ya kukataa.

Nitajuaje gari langu ni la soko gani?

Soma namba ya chesisi. HS30 ni gari lenye usukani wa kulia, kama yale yaliyouzwa Uingereza na Australia. HLS30 ni la usukani wa kushoto, na hizo nyingi zilikwenda Marekani. Ikianza na S30 tupu, ni Fairlady Z, jina la gari hili huko Japani. Jambo hili si la fahari tu. Magari yaliyoletwa kutoka nchi mbalimbali huwa yamebadilishwa vipande njiani, na utakuta HS30 imevaa bampa ya gari la Marekani la 1973. Pima kilichopo mbele yako kabla ya kuamini kitabu.

Gari langu halina gadi kabisa. Ziliibwa?

Si lazima. Fairlady Z nyingi za Japani hazikuwa nazo tangu mwanzo. Tazama bampa kwa karibu. Ukiona matundu, au vifuniko vidogo vya mpira mahali matundu yangekuwa, basi ziliondolewa. Kama bampa ni nzima isiyo na tundu hata moja na kromu yake inaonekana ya zamani, iache hivyo. Kutoboa bampa safi ya asili ili kufunga pembe ambazo haikuzaliwa nazo ni hasara isiyorudishika.

Nitengeneze za zamani au ninunue mpya?

Tengeneza za zamani, kama bado zina chuma cha kutosha. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu naona gadi za asili zikitupwa kwenye chuma chakavu kila mara, halafu mwenyewe anakuja kuzitafuta mwaka mmoja baadaye.

Gadi ya asili ilikandamizwa kwa ajili ya mkunjo wa bampa hii. Sehemu inayokaa juu ya bampa ina umbo linalofuata mviringo wake. Nakala nyingi za kisasa zimetengenezwa vizuri, hasa za chuma cha pua kutoka karakana za Vietnam ambazo hutengeneza bampa za magari mengi ya zamani. Hazioti kutu kirahisi na zinang'aa. Lakini nakala ikikosea kwa milimita mbili kwenye ule mkunjo, utaona mwanya upande mmoja, na mwanya huo hautafungika kwa kukaza bolti. Ukikaza kwa nguvu utabonyeza bampa.

Tofauti nyingine ni rangi yenyewe. Chuma cha pua kilichosuguliwa kina weupe wa joto kidogo, kromu ina ubluu. Ukiweka gadi za chuma cha pua juu ya bampa ya kromu, mchana wa jua kali utaona tofauti ukiwa umesimama hatua kadhaa nyuma. Ukiamua kununua nakala, nunua bampa na gadi zote pamoja kutoka kwa mtengenezaji mmoja, na za asili uzifunge kwenye gunia lenye mafuta uziweke stoo.

Kwa nini kutu huanza nyuma ya gadi wakati mbele kunang'aa?

Kwa sababu ya tope. Magurudumu hurusha matope na mchanga, gadi inayapokea kwa ndani kama kikombe, na maji ya kuoshea gari hayafiki huko. Ukiifungua gadi ambayo haijafunguliwa kwa miaka mingi utakuta kipande cha udongo mkavu chenye umbo lilelile la gadi, na ukikibandua chini yake bati limegeuka magamba ya kahawia yanayotoka kwa kucha. Bampa nayo itakuwa na alama ya kutu inayofuata ukingo wa gadi. Hiyo ndiyo sababu ya kufungua gadi hata kama kwa nje zinapendeza.

Nahitaji zana gani?

Bolti za gari hili ni za milimita. Andaa spana na soketi za 10, 12 na 14, racheti yenye mkono mrefu wa kuongezea, brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu, utepe wa karatasi wa wapaka rangi, mablanketi mawili ya zamani, na tochi. Soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili itavua kichwa cha bolti iliyokwisha kuliwa.

Kuna skrubu pia kwenye plastiki za ndani ya buti. Skrubu za Kijapani zina msalaba wa kipimo chao kiitwacho JIS, na bisibisi ya kawaida ya nyota hupanda na kuzivuruga. Bisibisi ya JIS si ghali na utaitumia kwenye gari zima, kuanzia kabureta hadi dashibodi.

Ni lazima nishushe bampa nzima?

Kwa kweli hapana, lakini mimi ningeishusha. Bolti za gadi zinafikiwa kutoka nyuma ya bampa, na mtu mwenye mkono mwembamba anaweza kuzifungua gari likiwa juu ya stendi. Shida inakuja wakati wa kurudisha. Huwezi kusafisha bampa kwa nyuma, huwezi kupaka kinga, na huwezi kuona kama gadi imekaa sawa.

Bampa ya nyuma ni vipande vitatu, cha katikati na viwili vya pembeni. Bolti nyingine hufikiwa kutoka chini, nyingine kutoka ndani baada ya kutoa plastiki za buti. Bandika utepe kwenye bodi karibu na ncha za bampa, tandika blanketi, na uwe na mtu wa pili wa kushika, kwa sababu bampa ikiachiwa upande mmoja itazunguka na kuchora rangi ya ubavuni. Kabla ya kuvuta, pitisha mkono kwa nyuma uhakikishe hakuna waya wa taa ya namba uliofungwa humo. Piga picha kila washa na kila mpira kabla ya kuvitoa. Kati ya bampa na bodi kuna vipande vya mpira na vya chuma vinavyoweka umbali, na vikipotea hutajua unene wake ulikuwa kiasi gani.

Bolti zimeshika, hazizunguki. Nifanye nini?

Kwanza, punguza haraka. Bolti ya miaka hamsini haifunguki kwa hasira, na nyingi ya zilizokatika zingetoka salama siku iliyofuata.

Safisha uzi wote unaoonekana nje ya nati kwa brashi ya waya hadi uone chuma. Hatua hii wengi huiruka, kisha nati inajaribu kupanda juu ya magamba ya kutu na kujinyonga. Halafu pulizia dawa ya kulegeza kutu, uache usiku kucha, asubuhi upulizie tena. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi mengi badala ya pigo moja kubwa, maana mtetemo ndio unaoipa dawa njia ya kupenya.

Ukiweka spana, anza kwa kukaza kidogo sana, kama robo ya robo ya mzunguko, kisha ndiyo ulegeze. Utasikia mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjika. Mlio huo una maana kutu imeachia. Baada ya hapo nenda nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukiongeza dawa. Ukihisi bolti inakuwa laini ghafla kama inavutika, simama hapohapo, kwa sababu inaanza kukatika.

Mafundi wengi hutumia mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, na unafanya kazi vizuri sana. Lakini asetoni inayeyusha rangi ya gari na inashika moto upesi. Tumia mchanganyiko huo baada ya bampa kushuka na kuwekwa mbali na gari.

Fundi anasema akate kwa grainda au apashe moto. Nimruhusu?

Bampa ikiwa bado kwenye gari, hapana. Tangi la petroli la 240Z liko nyuma, chini ya sakafu ya buti, na mipira ya kupumulia ya tangi inapita kwenye kona ya nyuma, ndani ya plastiki za pembeni. Mipira hiyo ikizeeka inapasuka na kuvujisha mvuke wa petroli, na ndiyo maana Z nyingi zina harufu ya petroli ndani. Cheche za grainda mahali hapo ni hatari kwa maisha ya fundi na ya kila aliye gereji. Ukishindwa kabisa na bolti, ifungue bampa kwenye mabano yake, ipeleke nje na gadi zake, ukakate huko. Kama hata mabano yamekataa, tumia kipasua nati cha mkono, au msumeno wa mkono na subira.

Na ukiwa hapo nyuma, kagua mipira hiyo ya tangi. Kuibadilisha ni kazi rahisi ukiwa umeshatoa plastiki.

Nimekuta mabano yameliwa na kutu. Nitayasafishaje?

Kama bado ni manene, njia ninayoipenda ni umeme na magadi. Chukua ndoo ya plastiki, jaza maji, weka vijiko kadhaa vya magadi, yale yale ya sokoni yanayotoka Ziwa Magadi. Tundika bano ndani ya maji ukiliunganisha na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya chanya uunganishe na kipande cha chuma chakavu cha kawaida, visigusane. Baada ya saa kadhaa kutu itakuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chuma kizima hakitaliwa hata kidogo.

Mambo matatu ya kuzingatia hapa. Fanyia kazi hii nje, kwa sababu mapovu yanayotoka ni haidrojeni na yanalipuka. Usitumie chuma cha pua kama chuma chakavu, maana kitatoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Na usiitumbukize gadi yenye kromu unayotaka kuihifadhi, kwani njia hii huinua kromu iliyolegea na kuibandua vipande vipande.

Ukishasafisha, kausha na upake praima siku hiyohiyo. Kwenye hewa yenye unyevu, chuma kitupu kitaanza kuwa chekundu kabla hujamaliza chai.

Kupiga kromu upya kunafanywaje, na nimwulize fundi nini?

Kromu unayoiona ni tabaka la mwisho tu, jembamba sana, lisilofika hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachozuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, na chini ya nikeli mara nyingi kuna shaba inayojaza mikwaruzo. Kwa hiyo ubora wa kazi uko kwenye vitu usivyoviona: kromu ya zamani imetolewa yote, chuma kimenyooshwa na kusuguliwa kiasi gani, na nikeli imewekwa nene kiasi gani.

Mwulize fundi kama anaweka shaba na nikeli kabla ya kromu. Akikujibu kwamba anapiga kromu moja kwa moja juu ya chuma, chukua gadi zako uondoke, maana kutu itarudi baada ya mvua za kwanza. Mwulize pia nani anayesugua, kwa sababu msuguaji mwenye mkono mzito hufuta kingo za gadi hadi zinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, na umbo hilo halirudi.

Kabla ya kupeleka kromu, fanya jambo moja ambalo litakuokoa: zifunge gadi kwenye bampa zikiwa bado mbaya, uone kama zinakaa. Zinyooshe, zijaribu tena, ndipo zipelekwe. Kunyoosha gadi iliyokwisha kupigwa kromu ni kuipasua kromu.

Usijaribu kupiga kromu nyumbani. Kemikali ya kazi hii, kromiamu heksavalenti, husababisha saratani, na maji yake yakimwagwa yanabaki kwenye udongo. Bolti ngumu nazo usizipeleke kupigwa kromu, kwa kuwa haidrojeni inayoingia kwenye chuma wakati wa kazi hiyo inaweza kuzifanya zikatike ghafla.

Kromu yangu ina vidoa vidogo tu. Kuna njia ya nyumbani?

Ipo. Kunja kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, chovya kwenye maji, na usugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu kwa hiyo haichori, lakini inakwangua kutu iliyotokeza kwenye vitundu. Futa, kausha, paka nta. Vitundu vyenyewe vitabaki, kwa sababu kutu imetoka chini kupitia kromu, ila vitapungua kuonekana na kasi ya kuliwa itashuka.

Nikipuliza rangi ya fedha ya kopo?

Hapana. Haifanani na kromu hata kwa mbali, na itambidi fundi wa kromu aiondoe kwanza.

Mpira wa gadi umekauka na kupasuka. Unaweza kufufuliwa?

Mpira uliopasuka haufufuki. Uliopauka tu unaweza kusafishwa kwa maji na sabuni, kisha ukapakwa grisi ya silikoni kidogo. Usipake petroli, dizeli wala grisi ya kawaida. Zinaupa weusi wa siku mbili, halafu zinaulainisha na kuuvimbisha.

Mipira mipya inapatikana kwa wauzaji wa vipuri vya Z. Kuivalisha, iache juani kwanza ilainike, lowesha kwa maji ya sabuni, na anza kuisukuma kutoka upande mmoja kuelekea mwingine. Ukianza pande zote mbili utakutana na uvimbe katikati. Kama hukupata mpira wa kuweka kati ya gadi na bampa, kata kipande chembamba kutoka mpira wa ndani wa tairi, ukifuata ukingo wa gadi. Chuma kisigusane na chuma.

Nifunge kwa mpangilio gani?

Kwanza nyuma ya gadi na nyuma ya bampa vipakwe praima na rangi, kisha nta ya kuzuia kutu. Hii ndiyo sehemu iliyo wazi kwa tope, na hakuna anayeiona, kwa hiyo paka kwa ukarimu.

Unganisha vipande vitatu vya bampa mezani juu ya blanketi, bolti zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu. Funga gadi nazo kwa vidole. Inua bampa na mwenzako, ingiza bolti zote za mabano na za pembeni kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza moja mapema, ya mwisho haitaliona tundu lake. Kisha simama nyuma ya gari, upime kutoka ukingo wa buti hadi bampa kulia na kushoto, na kutoka katikati ya bampa hadi kila gadi. Ukiridhika, kaza mabano kwanza, kisha pembeni, na gadi mwisho kabisa.

Bolti ya M8 (unene wa milimita 8) ya daraja la ugumu la 8.8 inaweza kukazwa hadi takriban Nm 25 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini hapa unakandamiza bati na mpira, si kichwa cha injini. Kaza hadi washa ya springi ilale na mpira uanze kubanwa, basi. Fungua na ufunge mlango wa nyuma polepole uone kama haugusi gadi.

Nitumie bolti za chuma cha pua?

Unaweza, na kwa pwani ningezitumia. Zipake grisi ya shaba kwenye uzi, kwa kuwa bolti na nati za chuma cha pua zina tabia ya kung'ang'aniana na kukwama hata zikiwa mpya. Na penye kugusana na chuma cha kawaida, hakikisha kuna rangi au mpira katikati, la sivyo kile cha kawaida kitaliwa haraka zaidi.

Baada ya kazi, ndani ya gari kuna harufu ya moshi. Inahusiana?

Ndiyo, na usiipuuze. Umbo la 240Z hutengeneza mvuto wa hewa nyuma ya gari likiwa kwenye mwendo, na moshi wa bomba unavutwa kuingia kupitia mwanya wowote. Magari ya kwanza kabisa yalikuwa na matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, na baadaye yakahamishiwa kwenye nguzo za ubavuni. Ukiacha tundu la bolti wazi, au usirudishe mpira wa taa ya nyuma sawasawa, umefungua njia.

Usiku, weka tochi inayowaka ndani ya buti, funga mlango, na uzunguke nje. Popote mwanga unapotokeza, moshi unaingia. Ziba kila tundu kwa kizibo cha mpira, na ubadilishe mipira ya taa na ya mlango. Kaboni monoksidi yenyewe haina harufu, kwa hiyo unachonusa ni sehemu tu ya unachovuta. Usipeleke familia safari ndefu kabla hujaziba.

Nataka muonekano wa rally. Niondoe gadi nibaki na bampa tupu?

Ni uamuzi wako, na gari linapendeza hivyo. East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003, imewafanya wengi watamani Z nyepesi zisizo na mapambo. Ila usijaze matundu kwa kuchomelea ukiwa na bampa ya asili iliyo nzuri. Ziba kwa vizibo vya mpira vyeusi au bolti fupi zenye kichwa cha mviringo kilichopigwa kromu, na uweke gadi na bolti zake kwenye kisanduku kimoja chenye jina la gari. Atakayelinunua kesho huenda akazihitaji.

Ninaishi Mombasa. Kuna la ziada?

Lipo, na linawahusu pia walio Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Chumvi ya hewani huganda kwenye chuma hata kama gari halijatoka nje ya banda. Osha nyuma ya bampa kwa maji baridi ukilenga mpira wa maji kutoka chini kwenda juu, ndani ya uwazi wa gadi, kila unapoosha gari. Rudia nta ya kuzuia kutu kabla ya masika. Na usilifunike gari kwa turubai la plastiki lisilopumua, kwani unyevu unaofungiwa humo ni mbaya kuliko mvua. Kitambaa cha pamba kinatosha bandani.

Nimefunga kila kitu na gadi moja bado imeinama kidogo kuliko nyingine. Kosa liko wapi?

Usianze na gadi. Weka pima maji juu ya bampa, gari likiwa mahali tambarare na matairi yana upepo sawa. Kama bampa yenyewe imeinama, tazama mabano. Bano la upande uliowahi kugongwa huwa limejikunja kidogo ambacho macho hayakioni likiwa limefungwa. Lilinganishe na la upande wa pili kwa kuyaweka mgongo kwa mgongo mezani. Kama bampa iko sawa, badilishana gadi za kulia na kushoto kwa muda. Kuinama kukihama na gadi, basi ni gadi. Kukibaki palepale, ni tundu la bampa lililopanuka au mpira uliokunjamana chini. Mpira ndio wa kwanza kukagua, kwa sababu unatoka kwa dakika chache na mara nyingi ndio wenye kosa.